Kinywa, Taya na Ulimi: Istilahi za Vishikizo vya Kerezo

Kitenzi kereza si kigeni katika Kiswahili. Kimo katika kamusi iliyosimamiwa na Frederick Johnson na kuchapishwa mwaka 1939, pamoja na nomino yake kerezo, yaani chombo cha kuchongea mti kwa kuuzungusha. Mafundi wa pwani, na hasa wa Lamu, walikereza miguu ya vitanda na ya viti kwa kerezo la uta. Mti ulishikwa kati ya ncha mbili, kamba ya uta ikazungushwa kwenye huo mti. Fundi akivuta uta mti ulizunguka, akiurudisha mti ulizunguka kinyume. Patasi ilikata katika mzunguko mmoja, ikangoja katika mzunguko wa pili. Chombo cha namna hiyo hakikudai maneno mengi. Ncha, uta, kamba, patasi, basi.

Kerezo la mota limebadili mambo. Mti sasa huzunguka upande mmoja bila kusita, tena kwa kasi kubwa, na fundi akitaka kuchimba bakuli hawezi tena kuushika kwa ncha mbili, kwa sababu ncha moja ingekaa pale pale anapotaka kuchimba. Hapana budi mti ushikwe upande mmoja tu, upande wa pili ubaki wazi kwa patasi. Kutokana na haja hiyo vimezaliwa vishikizo vya kila aina: vya taya, vya parafujo, vya sahani, vya kubana kwa nje na vya kutanuka kwa ndani. Kila kimoja kina jina lake kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili, karibu vyote huitwa kwa neno moja, nalo ni chaki.

Makala haya yametokana na orodha ya maneno ya useremala niliyoanza kuikusanya Maore, katika wilaya ya Same. Maore iko kwenye tambarare chini ya milima ya Upare Kusini, katika njia itokayo Same kupitia Kisiwani na Gonja kuelekea Ndungu na Kihurio. Upande wa pili wa tambarare hiyo ni Mkomazi, iliyofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2008. Mahali kama hapo panamfaa mkusanyaji wa istilahi. Wenyeji husema Chasu nyumbani na Kiswahili sokoni na katika karakana, na seremala wa hapo hukutana na miti ya nyanda na ya mlima pia: mpingo na mwarobaini huku chini, mikalitusi ya mashambani, na mara mojamoja mkulo wa fanicha kuukuu inayoletwa kutengenezwa, maana misitu ya Shengena ulikokuwa ukikatwa sasa imehifadhiwa. Miti hiyo haishikiki kwa namna moja. Ulaini wa mmoja na ugumu wa mwingine humlazimisha fundi kuchagua kishikizo, na pale anapochagua ndipo huhitaji jina.

Mtu asidhani kwamba ni suala la kupamba lugha. Tuchukue kipande cha mti chenye kipenyo cha sentimita 30, kinachozunguka mara 1,000 kwa dakika. Ukingo wake unakwenda kwa mwendo wa karibu kilomita 56 kwa saa, yaani mwendo wa basi barabarani. Kikichomoka, hakianguki chini ya meza. Humwendea aliyesimama mbele yake. Kijana anayejifunza kazi husimama hapo kwa kutegemea maneno mawili matatu aliyoambiwa na mwalimu wake. Maneno hayo yakiwa na utata, utata huo hauishii katika daftari.

Tuanze na hilo neno chaki. Asili yake ni wazi. Irabu ile fupi ya Kiingereza, ambayo Kiswahili hakina, hugeuka kuwa a inapoingia kwetu, kama ilivyotokea katika basi, pampu, plagi na pancha. Kisha neno hupewa irabu ya mwisho, likakaa vizuri kinywani. Kwa kanuni za utohozi hatuna la kulaumu. Kasoro ni kwamba kiti hicho kilikuwa kimekwisha kukaliwa. Chaki ni ile ya kuandikia ubaoni, nayo vilevile ni chombo cha seremala, ambaye huchora kwayo mistari juu ya mbao nyeusi zisizoonyesha penseli. Katika karakana moja, juu ya meza moja, pana chaki mbili. Mafundi wenyewe hutambua tatizo hili, ndiyo maana husikika wakisema chaki ya mashine. Lakini kirefusho hicho hakiondoi kasoro ya pili, ambayo ni kubwa zaidi: chaki ya mashine haisemi lolote kuhusu namna inavyoshika. Kishikizo chenye mataya manne na kishikizo chenye parafujo moja katikati vyote ni chaki. Anayetumwa dukani kununua chaki anaweza kurudi na kitu halali kabisa kisichofaa kabisa.

Baraza la Kiswahili la Taifa, tangu lilipoundwa kwa Sheria Na. 27 ya mwaka 1967, limekuwa na kazi ya kuhimiza matumizi sahihi ya lugha na kutafuta istilahi. Desturi iliyozoeleka ni kutazama kwanza kama lugha yenyewe ina neno, kisha lugha za Kibantu zilizo jirani, ndipo tutohoe. Kwa hiyo nilirudi nyuma kutazama ni maneno gani ya kushika tuliyo nayo tayari.

La kwanza lililonijia ni koleo. Katika nchi ya Wapare neno hili lina heshima yake. Wahunzi wa Ugweno, katika Upare Kaskazini, walijulikana kwa chuma chao mbali na milima yao. Ukoo wa Washana ulitajika kwa kazi hiyo, kama Isaria Kimambo alivyoeleza katika historia yake ya Wapare iliyochapishwa mwaka 1969. Mhunzi hushika chuma cha moto kwa koleo. Kwa nini mkerezaji naye asishike mti kwa koleo? Nililipenda neno hili, nikalishikilia kwa siku kadhaa. Lakini koleo hukaa mkononi mwa mtu, na nguvu yake ni ya mkono huo, likiachwa hufunguka. Kishikizo cha kerezo hukazwa mara moja, kikaachwa peke yake na kazi yake. Isitoshe, siku hizi watu wengi wakisikia koleo huwazia lile la kuzolea mchanga na kokoto. Tukiliingiza hapa tutakuwa tumeondoa utata wa chaki na kuleta utata wa koleo.

Jiliwa nalo ni neno zuri, na kila seremala analifahamu. Hata hivyo, jiliwa hushika kitu ili kitulie. Maana nzima ya neno hilo ni utulivu: ubao umo katika jiliwa, hauendi popote, sasa piga randa. Gango huunganisha vipande viwili mpaka gundi ishike. Kibano ndicho kinachokaribia zaidi, na wapo watakaokitetea. Ila kibano, kama kitenzi chake kinavyosema, hujua kubana tu. Hiyo ni nusu ya kweli, kwa sababu zitakazoonekana.

Pendekezo langu ni kinywa. Sikulitoa hewani. Mafundi tayari huyaita yale mapande manne ya chuma yanayoushika mti meno au mataya. Na sehemu ya mti inayochongwa nyembamba ili iingie na kushikwa, seremala ana jina lake la tangu zamani: ulimi. Ndilo jina analolitumia kwa ile sehemu ya ubao inayoingia katika tundu la ubao mwingine, katika mlango, kiti au kitanda. Basi tuna taya, tuna ulimi, nao ulimi unaingia kati ya mataya. Kilichokosekana ni jina la mahali vyote hivyo vinapokutana, na jina hilo kila mtoto analijua. Kerezo lenyewe lilikwisha kupewa viungo vya mwili: lina kichwa, upande wa mota, na lina mkia, upande wa pili, na vyote viwili vimelala juu ya kitanda. Kinywa kitakuwa kichwani, mahali pake hasa.

Mwenzangu mmoja katika idara alipinga. Alisema kinywa ni cha kulia na kusemea, na kerezo halili wala halisemi. Nilimjibu kwamba msumeno una meno tangu enzi za babu zetu na hakuna aliyewahi kuuuliza kama umeshiba. Alipinga pia kwa nini isiwe mdomo, neno fupi na jepesi. Hapo hoja yake ilikuwa na uzito zaidi. Lakini Kiswahili kimekwisha kugawa kazi kati ya maneno haya mawili: mdomo ni ukingo wa nje, ndiyo maana chupa ina mdomo na birika lina mdomo, navyo havina meno, kinywa ni ndani, penye taya, meno na ulimi. Tunachokitaja ni hicho cha pili.

Faida ya jina la kimfumo huonekana pale mwalimu anapotaka kueleza sheria za kazi. Aseme hivi: ulimi usifike kwenye koo. Mwanafunzi ataelewa mara moja jambo ambalo vinginevyo lingehitaji aya nzima, nalo ni kwamba ncha ya ulimi haitakiwi kugusa sakafu ya kinywa. Inapaswa kuacha nafasi kidogo, ili mabega ya mti yalale barabara juu ya nyuso za mataya. Ulimi ukigusa sakafu, mabega huning'inia hewani, na mti hucheza kila patasi inapogusa ukingo. Uthabiti hutoka mabegani zaidi kuliko katika kule kubana. Vilevile ulimi uwe na unene unaolingana na duara la mataya yanapokaribia kufumbana, maana hapo ndipo nyuso zake zote hugusa mti. Mataya yakitanuliwa mno hayafanyi tena duara kamili, bali kila moja hushika kwa pembe zake mbili tu, na alama za pembe hizo hubaki zimechimbika katika mti. Kwa bakuli la kawaida mafundi wengi huridhika na ulimi wenye unene wa karibu theluthi ya kipenyo chake.

Ndani ya kinywa cha kisasa mna bamba lenye mfereji uliojiviringa kama konokono. Ufunguo ukizungushwa, bamba huzunguka, na mataya yote manne husogea pamoja, kiasi kilekile, yakiuelekea mhimili au yakiuhama. Ndiyo sababu mti hujiweka katikati wenyewe. Kinywa cha aina hii ningekiita kinywa linganifu, ili kukitenga na kile ambacho kila taya lake husogezwa peke yake kwa parafujo yake, ambacho wakereza chuma hukipenda zaidi. Wakereza chuma hutumia sana pia kinywa cha mataya matatu. Mkereza mbao huhitaji manne, maana vipande vyake vingi huanza vikiwa vya mraba, na mataya matatu hayawezi kuushika mraba.

Sasa nafika kwenye jambo lililonifanya niandike. Kinywa hiki kinaweza kushika kwa njia mbili zilizo kinyume. Njia ya kwanza, mataya hubana ulimi kutoka nje. Njia ya pili, fundi huchimba kishimo cha mviringo katika kitako cha bakuli, akaingiza mataya yakiwa yamefumba, kisha akayatanua mpaka yasukume kuta za kishimo kutoka ndani. Njia ya pili hupendwa kwa mabakuli na sahani pana, kwa kuwa kishimo hubaki kama sehemu ya kitako na hakuna ulimi wa kukata baadaye.

Nimekutana na karatasi ya maelekezo, iliyotafsiriwa kwa nia njema, iliyosema: Funga chaki barabara kabla ya kuwasha mashine. Msomaji mwenye ulimi katika kinywa chake akitii atakuwa salama. Msomaji aliyeshika bakuli kwa kishimo akitii, atakuwa ameyafumba mataya na kuliachia bakuli. Amefanya alichoambiwa, neno kwa neno. Bakuli litakaa mahali pake kwa muda wote mashine ilipozimwa, kwa sababu limeegemea. Litaondoka mara itakapowashwa.

Kosa hapa si la mtafsiri peke yake. Kitenzi funga hubeba mizigo mingi: kufunga mlango, kufunga mzigo, kufunga breki, kufunga goli, kufunga Ramadhani. Katika karakana hubeba miwili inayogombana, yaani kuleta pamoja vilivyoachana, na kufanya imara. Kwa jiliwa mizigo hiyo miwili huenda pamoja, kwa hiyo hakuna anayegundua. Kwa kinywa kinachotanuka huachana, na fungua nayo huwa vivyo hivyo, ila kwa kinyume: kuyafungua mataya ndiko kulifunga bakuli! Hakuna mwanafunzi anayepaswa kutegua kitendawili hicho huku mkono wake mmoja uko kwenye swichi.

Napendekeza kwa hiyo kwamba katika maandishi yahusuyo kerezo vitenzi funga na fungua viachwe kabisa, na mahali pao pachukuliwe na jozi mbili. Jozi ya kwanza huonyesha upande: bana, kwa kuyasogeza mataya yaelekee katikati, na tanua, kwa kuyasogeza yaelekee nje. Jozi ya pili huonyesha nguvu bila kujali upande: kaza na legeza. Fundi atabana akakaza, au atatanua akakaza. Kulegeza kutakuwa ni kinyume cha lolote alilolifanya. Sentensi ya onyo itasomeka: Hakikisha kazi imekazwa, na hapo hapana njia ya kupotea, maana kinachotazamwa ni ule mti, wala si mataya. Hii ndiyo nusu ya kweli niliyosema kibano hakiwezi kuibeba. Chombo kiitwacho kibano ambacho kazi yake leo ni kutanua kingekuwa kama mlinzi aliyepewa jina la Msahaulifu.

Tofauti ya bana na tanua ina maana pia kwa mti wenyewe. Anayebana hukusanya nyuzi za mti pamoja. Anayetanua huzitenga, kama kabari itengavyo kuni. Kwa mkulo au mwarobaini uliokauka, ukingo mnene wa kishimo huvumilia. Kwa mti mbichi, au wenye ufa mdogo usioonekana, kutanua kwa nguvu ni kuupasua. Mpingo ni mgumu na mzito kiasi cha kuzama majini, uzito wake ukikaribia kilo 1,200 kwa kila mita ya ujazo, lakini nao hupasuka ukitanuliwa bila adabu. Kwa mpingo ni afadhali ulimi. Mwalimu mwenye vitenzi viwili anaweza kuyasema haya kwa sentensi moja.

Ufunguo uachwe na jina lake. Mtu anaweza kudai kwamba kama tumekataa fungua hatuwezi kukubali ufunguo. Lakini ufunguo wa nyumba hufunga na kufungua tangu zamani na hakuna mwizi aliyewahi kutatizwa na jina lake. Lililo muhimu ni kuandika, kwa herufi kubwa, kwamba usiachwe kinywani mashine inapowashwa.

Vishikizo vingine havina ugomvi mkubwa. Bamba la duara lenye matundu, linaloshikamanishwa na mti kwa parafujo, huitwa sahani na mafundi wengi niliowasikia, nami sioni sababu ya kuwasumbua. Sahani ndiyo kishikizo kinachoaminika kuliko vyote kwa kazi kubwa, ilimradi parafujo ziingie zikizikata nyuzi za mti kwa upana. Zikiingia sambamba na nyuzi, yaani kupitia uso wa gogo lililokatwa kwa kukingama, hung'oka kama msumari katika mgomba. Kwa mpingo lazima matundu yatobolewe kwanza kwa keekee, la sivyo parafujo hukatika shingo. Fundi asiyetaka matundu katika kazi yake hugundisha kwanza kipande cha mti wa kutupa, akaweka karatasi katikati ya gundi. Kazi ikiisha, patasi moja katika ile karatasi hutenganisha vyote viwili. Kishikizo chenye parafujo moja nene katikati kiitwe sahani ya parafujo moja, hata kama ni kirefu, kwa sababu jina hilo linamwambia mnunuzi anachopata.

Katika ncha, nadhani tumenusurika kwa bahati. Kwa Kiingereza ncha ya mkiani isiyozunguka huitwa kwa neno lenye maana ya mfu, na ile inayozunguka pamoja na mti huitwa hai. Orodha moja niliyopewa ilikuwa imekwisha kuandika ncha iliyokufa. Fundi akiambiwa ncha yake imekufa ataitupa. Kwa vile tunasema umeme tuli, tuseme ncha tuli, ambayo huhitaji kupakwa nta au grisi ili isiunguze mti unaozunguka juu yake. Na ile ya pili tuiite ncha ya beringi, kwa kuwa beringi ndiyo inayoizungusha na ndiyo itakayochakaa kwanza. Ncha ya upande wa kichwa, yenye meno mawili au manne yanayozama katika mti na kuuendesha, ni ncha ya meno. Kwa mchi, mguu wa kitanda au mpini wa patasi, ncha hizi zatosha, na fundi hahitaji kununua kinywa chochote. Nalisema hili kwa kuwa tangazo la biashara haliwezi kulisema.

Shina la ncha hizo limechongoka ili likae katika tundu lililochongoka vilevile, nalo hushika kwa msuguano tu bila parafujo. Namna hiyo ya mchongoko ina jina la Stephen Morse, fundi wa Marekani wa karne ya 19, na hutajwa kwa namba. Jina la mtu hatulitafsiri: mchongoko wa Morse, namba 2. Ndivyo ilivyo pia kwa hesi inayounganisha kinywa na mhimili wa kichwa. Neno hesi tunalo na linatosha, lakini neno bila kipimo halina msaada hapa. Mashine nyingi za Ulaya zina hesi yenye kipenyo cha milimita 33 na umbali wa milimita 3.5 kati ya uzi na uzi. Nyingine, zikiwamo nyingi za mitumba, zina hesi ya inchi moja yenye nyuzi nane kwa kila inchi. Hesi hizo haziingiliani, na anayelazimisha huharibu zote mbili. Kiungo kinachoziwezesha kukutana kiitwe kiungo cha hesi, na orodha yoyote tutakayoichapisha iwe na safu ya vipimo pembeni.

Mataya mapana yenye vipira, yanayoshika bakuli kwa ukingo wake ili kitako kimaliziwe, yanaweza kubaki mataya mapana. Magurudumu yanayoegemea mti mrefu usiyumbe yaitwe egemeo la magurudumu, tofauti na egemeo la patasi.

Kimoja kimenishinda mpaka sasa. Ni kishikizo ambacho fundi hujitengenezea mwenyewe, bila chuma wala fedha, na kwa sababu hiyo ndicho kitakachofaa zaidi katika karakana nyingi za Maore. Huchukua kipande cha mti laini, akakifunga kwa sahani, akachimba ndani yake shimo linalolingana sawasawa na ukingo wa bakuli lililokwisha kukerezwa. Bakuli huingizwa kifudifudi, likagongwa kidogo kwa kiganja, likashikwa kwa ule mkazo wa mti kwa mti. Ncha ya mkiani huletwa kulisaidia mpaka dakika ya mwisho. Kukiita kinywa cha mti ni kuvunja mfumo, kwa kuwa hakina taya wala ufunguo. Nimefikiria ala, kama ala ya kisu, ambayo nayo hushika kwa kubana tu. Lakini ala ni neno la vifaa vyote, na karakana imejaa ala. Nimefikiria kiota, kwa namna bakuli linavyokaa ndani yake, ila kiota hakishikilii kitu, na yai huanguka. Fundi mmoja wa Maore, nilipomuuliza, aliniambia kwamba hicho hakina jina, ni mti wa kubania tu, akaendelea na kazi yake. Huenda mti wa kubania ndilo jina lenyewe nami nimeshindwa kulisikia.

Wasomaji wa Same, Mwanga, Lushoto, na hasa wa Lamu na Unguja, ambako kukereza kuna umri mkubwa kuliko mota, wanaombwa kuandika kwa Baraza wakitaja neno walilolisikia, mahali walipolisikia, na mti uliokuwa umeshikwa wakati huo.